Mashini mugonjwa inagonjesha watu



Kuko watu watakaoona kichwa cha habari hii na kuuliza: ukurasa wa afya unatafuta nini katika mambo ya grisi, buloni na mikanda? Hiyo si kazi ya mekanisie? Ni kweli, ni kazi yake. Lakini sisi wa dispanseri tunaona mwisho wa habari iliyoanza kule atelye. Mutu anatuletea kidole kilichopondwa. Mwingine analetwa na wenziwe, kipande cha chuma kimemwingia katika jicho. Mwingine tena anakuja kwa miguu yake, bila damu, anasema tu kwamba bibi yake anamulalamikia kwa sababu siku hizi anafungua radio kwa sauti kubwa sana. Sisi tunaandika katika karti ya mugonjwa: kidole, jicho, masikio. Hatuandiki kwamba buloni moja haikukazwa tangu wiki tatu, ao kwamba kifuniko cha mukanda kiliondolewa na hakikurudishwa, ao kwamba rulema imekwisha. Na pengine hilo ndilo jina la kweli la ugonjwa.

Jambo ninalotaka kusema ni hili. Mashini yenye haitunzwi kwa tarehe yake inajichagulia yenyewe siku ya kusimama, na mara nyingi inachagua vibaya: saa tisa ya usiku, posti ikiwa na watu wachache, mukubwa wa kazi akiuliza tani ziko wapi. Saa hiyo ndiyo watu wanaumia. Mashini ikitembea vizuri na vifuniko vyake viko mahali pake, inaumiza watu wachache. Inaumiza sana wakati imekwama na mutu anaingiza mukono ili itembee tena. Huko Ulaya, ofisi ya umoja wa nchi zao yenye kuchunguza usalama wa kazi imehesabu kwamba katika ajali 100 zenye kuua watu kazini, kati ya 10 na 15 zinatoka katika kazi ya kutunza na kutengeneza. Kwa hiyo mekanisie, elektrisie na wasaidizi wao ni wagonjwa wetu wa kwanza, hata kama wao wenyewe hawapendi kusikia neno hilo.

KUTUNZA NA KUTENGENEZA

Akina mama wataelewa upesi kuliko sisi wanaume. Mwanamuke mwenye mimba hangoji siku ya kuzaa ndipo aende kuonana na waganga. Anakwenda kupimwa tangu mwanzo. Mutoto naye anapelekwa kupimwa kilo hata kama anacheza na kula vizuri, kwa sababu uzito unashuka mbele macho hayajaona kitu. Kutunza mashini ni kama kupima kilo. Kutengeneza mashini iliyovunjika ni kama operasio ya usiku: inaweza kuponyesha, lakini hakuna mutu anayeitamani.

Wajapani walianza kufuata mpango huo katika mwaka 1951, nao walijifunza kwa Waamerika: kubadilisha piesi kwa tarehe iliyoandikwa, bila kungoja ivunjike. Nyuma yake wakaona shida. Mashini ziliongezeka kila mwaka na mekanisie hawakutosha. Basi kompani moja yao, Nippondenso, yenye kufanya vyombo vya umeme vya motokari, ikageuza kazi. Mwenye kuendesha mashini alipewa yeye mwenyewe kuisafisha, kuitia mafuta, kukaza buloni na kuitazama kila siku. Mekanisie wakabaki na magonjwa makubwa. Katika mwaka 1971 kiwanda hicho kilipata zawadi kwa ajili ya mpango huo, na injinia Seiichi Nakajima akaueneza katika nchi nyingi kwa vitabu vyake.

Si kila kitu cha Wajapani kinatufaa, na mpango wao unataka makaratasi mengi kupita uvumilivu wangu. Lakini hili la mwenye mashini kuitunza mwenyewe halitaki feza nyingi. Linataka kitambaa, kle na macho. Nani anaona upele wa kwanza katika ngozi ya mutoto? Si munganga, ni mama yake anayemwogesha. Vivyo hivyo, mwenye kupangusa mashini ikiwa imesimama ndiye anaona ufa katika chuma, mafuta yanayotoka tone kwa tone, buloni iliyolegea, uzi wa umeme uliochubuka. Mashini yenye matope na grisi nzee pande zote inaficha magonjwa yake yote, na hata mekanisie hodari hawezi kuyaona kwa kupita tu.

Angalia rulema. Haifi gafula. Inaanza kwa kulia kidogo, kisha inapata joto, kisha inanuka, mwishoni inashikana. Mutu anayekaa na pompi moja saa nane kila siku anajua sauti yake kama sauti ya bibi yake, na anajua mara moja kama imekasirika. Lakini akijua na asiseme, kujua kwake kuna faida gani? Inafaa kila mashini iwe na kaye yake, na mutu wa posti aandike mule: leo inalia upande wa kulia, leo ina joto. Maneno mawili yanatosha. Na shefu asome kaye hiyo, sivyo watu watachoka kuandika, na watakuwa na haki.

Neno moja juu ya grisi yenyewe, kwa sababu wengi wanafikiri kwamba ikiwa nyingi ndiyo vizuri. Rulema yenye kujazwa kupita kiasi inapata joto nayo, kama vile vidonge vya homa: viwili vinatuliza, kumi vinaharibu. Pangusa kwanza chuchu ya grisi, kama sivyo unasukuma muchanga ndani pamoja na dawa. Usichanganye grisi za namna mbili bila kuuliza. Na usipanguse kamwe mashini yenye kuzunguka. Kitambaa kinavutwa kwanza, mukono unafuata.

VUMBI NA KELELE

Magonjwa mengine hayaji kwa kishindo. Katika miaka ya 1890, kule Colorado katika Marekani, fundi mumoja jina lake John George Leyner alitengeneza mashini ya kutoboa mawe yenye kupitisha hewa ndani ya chuma cha kutobolea. Ilitoboa upesi ajabu, lakini ilitoa vumbi jingi hata wachimbaji wakaikataa. Ndipo akapitisha maji pamoja na hewa. Mashini za kutoboa kavu za wakati ule wachimbaji walizipa jina la kutisha: walisema zinafanya wajane.

Sasa fikirini: tundu la maji la mashini yako likizibwa na matope, ao bomba lake likipasuka na mutu akalifunga tu ili asilowe, mashini ya leo inageuka kuwa mashini ya wakati ule. Inatoboa vilevile. Tani zinatoka vilevile. Hakuna anayeanguka siku hiyo. Lakini vumbi la mawe lenye silika linaingia katika mapafu, na vumbi baya kuliko yote si lile unaloliona katika mwanga wa lampa. Ni lile lisiloonekana, dogo mara saba na zaidi kuliko unene wa unywele mumoja. Likifika chini kabisa katika mapafu linakaa humo na kuyafanya magumu. Ugonjwa huo, silikozi, hauna dawa ya kuutoa, na unafungulia mulango kifua kikuu. Mekanisie anayezibua tundu la maji amefanya kazi ya munganga, tena ameifanya vizuri kuliko munganga, kwa sababu sisi tukiuona katika picha ya mapafu tumekwisha kuchelewa. Na ni vilevile kwa mifuko ya kuchuja vumbi kule kwenye mashini za kusaga mawe, na kwa mabomba makubwa ya hewa kule shimoni. Bomba likipasuka njiani, hewa inatoka pale na haifiki kwa watu.

Juu ya kelele nitasema kwa ufupi. Kipimo chenye kukubaliwa na wengi ni desibeli 85 kwa saa nane za kazi. Ukipanda desibeli tatu tu, nguvu ya kelele inaongezeka mara mbili. Bila chombo cha kupimia unaweza kujua hivi: kama mwenzako yuko kwa mita moja na unapaswa kupaza sauti ili akusikie, masikio yanaumia. Tunatoa vizibo vya masikio, na muvivae. Lakini kelele nyingi inatoka katika kifuniko kilicholegea, rulema iliyokwisha, silansie iliyotobolewa na kutu. Kukaza kifuniko ni kazi ya dakika kumi. Sikio lililokufa halifufuki.

TUNDU DOGO KAMA LA MUIBA

Nataka kukaa zaidi juu ya kidonda kimoja, kwa sababu kinadanganya watumishi na kimedanganya hata waganga.

Pompi ya grisi yenye kutumia hewa ya kompresere, ao bomba la mafuta lenye kuinua ndoo ya mashini ya kupakia, liko na nguvu kubwa ndani yake. Pine ya motokari ndogo iko na presio ya bar mbili hivi. Bomba la mafuta la mashini kubwa liko na bar 200, na mara nyingi zaidi. Likiwa na katundu kadogo, mafuta yanatoka kama uzi mwembamba ambao pengine huuoni. Mutu anapitisha mukono juu ya bomba ili ajue mafuta yanatokea wapi. Anasikia kitu kama muiba. Anatazama: alama ndogo, damu hakuna ao tone moja tu. Anapangusa katika suruali na anaendelea na kazi. Mifuko ya mikono haizuii, hata ile ya ngozi.

Saa ya kwanza hakuna maumivu makubwa. Ndiyo hila ya kidonda hiki. Ndani, mafuta yamekwisha kukimbia kufuata mishipa ya kidole mpaka kiganja, na mara nyingine mpaka juu ya kiwiko. Kidole kinaanza kuvimba, kinakuwa cheupe ao cha zambarau, damu haipiti tena vizuri. Usiku mutu hawezi kulala kwa maumivu. Asubuhi anakuja dispanseri, na pengine saa ya kuokoa kidole imekwisha kupita. Kidonda hiki kinataka munganga wa operasio afungue mukono na kusafisha siku ile ile, na kama inawezekana mbele saa sita hazijapita. Wenye kuchelewa wengi wanakatwa kidole, wengine zaidi.

Kwa hiyo: kamwe usitafute kwa mukono mahali mafuta yanapotokea. Simamisha mashini, shusha ndoo chini, toa presio, ndipo utazame. Kama unapaswa kutafuta, tumia kipande cha karto ao cha ubao, ukisimama mbali. Na kama imekupiga, njoo mara moja, hata kama wenzako wanakucheka kwa ajili ya katundu hako. Usikamue, usifunge kidole kwa kamba, usile wala kunywa, maana pengine utalazwa kwa operasio. Shika mukono juu. Neno la kwanza la kumwambia munganga ni hili: "Mafuta yameingia kwa presio." Usiseme "nimechomwa kidogo", sababu atakupa pamba na dawa nyekundu na kukurudisha kazini. Mwenzako mumoja alete jina la mafuta, lile lililoandikwa kwenye kopo ao pipa. Mafuta mengine yanaunguza nyama kuliko mengine, na munganga wa operasio atauliza.

KUFULI LAKO, UFUNGUO WAKO

Twende sasa kwa jambo linaloua watu zaidi: mashini inasimamishwa, mutu anaingia ndani kuitengeneza, na mutu mwingine anaiwasha. Huyu wa pili si muuaji. Anatoka kula, anaona mukanda umesimama, anafikiri kwamba umejizima, anabonyeza kitufe. Ao posti imebadilika na hakuna aliyemwambia. Katika lugha ya atelye tunasema "konsinyasio", na wengi wanafikiri ni karatasi ya kutia saini tu. Siyo. Konsinyasio ni kufuli.

Namna yake, wengi munaijua, lakini wachache munaifuata mpaka mwisho. Unawaambia watu wa mashini hiyo kwamba unaingia. Unaisimamisha. Unakata umeme kwenye swichi kubwa, si kwenye kitufe cha kusimamisha, maana kitufe kinalala tu, hakikati. Unatia kufuli. Ufunguo unaingia katika mufuko wako, si kwa shefu, si juu ya meza. Kama muko watu watano, kufuli ni tano, na mashini haiwezi kuamuka mbele mutu wa tano hajatoka. Karatasi nyekundu peke yake ni karatasi tu, upepo unaichukua. Kisha unafanya jambo ambalo watu wanaliruka: unajaribu kuiwasha. Kama swichi uliyokata ni ya mashini ya jirani, ni heri ujue sasa kuliko ukiwa ndani.

Na umeme si nguvu peke yake. Ndoo iliyoinuliwa inataka kushuka: itie gogo ao chuma cha kuishikilia, usiamini mafuta. Mukanda wa kubeba mawe uko na muzigo wenye kuuvuta hata umeme ukikatwa, na ukitoa jiwe lililokwama unaruka. Tangi la hewa linabaki na hewa. Bomba la muvuke linabaki na muvuke. Feni kubwa inazungushwa na upepo. Pine za makamyo makubwa zimeua watu wengi duniani, kwa sababu janti zao ni za vipande vingi, na kipande kimoja kikitoka kinaruka kama kombora. Toa pumzi yote mbele ya kulegeza buloni ya kwanza, ya pine zote mbili kama zimefungwa pamoja. Na wakati wa kujaza pumzi, pine iwe ndani ya kizimba cha chuma na wewe simama pembeni, si mbele yake.

Ukimaliza, rudisha vifuniko mbele ya kutoa kufuli. Ninasema hivyo kwa sababu katika kona za atelye ninaona vifuniko vimelala kama sahani za sikukuu iliyokwisha.

HABARI YA POMPI MBILI

Nitoe mufano wa mbali, kwa sababu unaonyesha jambo ambalo kufuli peke yake halitoshi kuliponya: maneno yasiyopita kutoka posti moja mpaka nyingine.

Katika bahari ya kaskazini, karibu na Scotland, kulikuwa kituo cha kuchimba petroli na gazi, jina lake Piper Alpha. Kulikuwa pompi mbili za kusukuma mafuta mepesi yenye kutoka katika gazi, pompi A na pompi B. Tarehe 6 Julai 1988, muchana, mafundi waliondoa supapi ya usalama ya pompi A ili waipime. Mahali pake waliweka kifuniko cha chuma kwa muda. Jioni ilifika na supapi haikurudishwa. Kulikuwa permi mbili za kazi kwa pompi ile moja: moja ya pompi yenyewe, nyingine ya supapi. Hazikuwekwa pamoja, na watu wa posti ya usiku hawakujua kwamba supapi haiko.

Karibu saa nne ya usiku pompi B ilisimama, ikakataa kuwaka tena. Watu waliona permi ya pompi A, ambayo kazi yake ilikuwa haijaanza, wakafikiri pompi ni nzima. Wakaiwasha. Gazi ilitoka pale penye kifuniko, ikashika moto. Pompi za kuzima moto hazikujiwasha, kwa sababu zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mukono, kwa ajili ya kulinda watu wenye kuzamia chini ya maji. Watu 167 wakafa. Uchunguzi wa jaji Lord Cullen ulitolewa katika mwaka 1990 na ulikuwa na mashauri 106, mengi juu ya permi na namna ya kuachiana kazi.

Tuko mbali na bahari. Lakini nani kati yetu hajaona posti mbili zikipishana mulangoni, hawa wanakimbilia basi, wale wanafunga viatu, na habari yote ya saa nane inasemwa kwa maneno matatu: "Yote iko sawa"? Dakika tano za kusimama pamoja mbele ya mashini, kaye ikiwa wazi, zingetosha. Lakini dakika hizo zinapaswa kuhesabiwa kuwa kazi na kulipwa. Kama kompani inataka watu waachiane habari kwa saa yao ya kupumzika, watakimbilia basi, na mimi pia ningekimbia.

Na ile "kwa muda" nayo ni ugonjwa. Kule Flixborough, katika Uingereza, kiwanda kimoja kilitoa tangi moja lenye ufa na kuunga bomba la kupitia pembeni, bila hesabu ya kweli ya nguvu zake. Bomba lilishika miezi miwili. Tarehe 1 Juni 1974 lilipasuka, na watu 28 wakafa. Waya wa kufungia, kipande cha mupira, fyuzi ya musumari: mukiviona kwetu, muandike tarehe ya kuviondoa. Kisicho na tarehe si cha muda tena.

KWA WAKUBWA WA KAZI

Itakuwa udanganyifu kuwaambia mekanisie watunze mashini na kunyamaza juu ya mangazini. Mutu anaandika boni ya piesi mara tatu na haoni kitu. Anaambiwa: toa katika ile iliyosimama nyuma ya atelye. Basi anafungua mashini moja ili aponyeshe nyingine, na kesho mbili zimesimama. Wazee wa Katanga wanaijua habari hii. Gécamines ilitoa shaba zaidi ya tani 470 000 katika mwaka 1986. Katika mwaka 1994 ilitoa karibu tani 30 000 tu. Sababu zilikuwa nyingi: kuanguka kwa shimo la Kamoto katika mwezi wa Septemba 1990, uporaji wa 1991, feza zilizoondoka bila kurudi. Lakini piesi zisizonunuliwa, mwaka nyuma ya mwaka, zilikuwa kati yake, na wazee waliokaa bila mushahara hawahitaji munganga awaeleze mashini isiyotunzwa inaleta nini nyumbani.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka kuwe komite ya usalama na usafi wa kazi katika kompani. Wajumbe wake wasiishie kuhesabu kaske. Waombe kuona ni boni ngapi za piesi za usalama zinangoja, na tangu siku gani: supapi, breki, vifuniko, mabomba. Karatasi hiyo ingenisaidia mimi kuliko sanduku moja la bandeji.

NYUMBANI

Sasa kwa akina mama na watoto. Nguo za kazi za mekanisie zifuliwe peke yake, mbali na nguo za mutoto, na zenye vumbi zisikung'utwe ndani ya nyumba. Ziingizwe katika maji kwanza. Afazali zaidi ni kompani kuzifua, na komite inaweza kuliomba hilo. Mikono yenye grisi isioshwe kwa petroli wala mazutu: inatoa mafuta ya ngozi yenyewe, ngozi inapasuka, na mutu anajikuna mwaka muzima. Sabuni na vumbi la mbao vinatosha. Pipa tupu lililotoka atelye lisiwekwe maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi.

Pete ya ndoa, mama, umuruhusu aiache nyumbani. Ikishikwa na mashini inavua ngozi ya kidole yote kama soksi, na hakuna anayesema kwamba bwana asiye na pete kazini amesahau bibi yake. Na akitoka posti ya usiku, watoto wacheze upande mwingine wa kiwanja. Kufuli, permi, uzi wa umeme, mulio wa rulema: vyote vinataka mutu aliyelala.